Kwa wewe unayeanza kuandika habari za kikosi cha timu ya futiboli ya chuo

Niliandikia gazeti la wanafunzi kwenye chuo kimoja cha Marekani kwa misimu mitatu, na kazi yangu ya kila wiki ndiyo hiyo unayokabidhiwa wewe sasa: kueleza nani ataanza Jumamosi na nani yuko nyuma yake. Kama umekulia soka kama mimi, utadhani ni kungoja tu kocha atoe majina saa moja kabla ya mechi. Futiboli ya Kimarekani haiendi hivyo. Kuna 11 wa kushambulia na 11 wa kuzuia, kisha wapo wa kupiga mpira na wa kuurudisha, na tangu mwaka 2025 timu nyingi za daraja la juu zina kikomo cha wachezaji 105. Hao wote wana namba mgongoni, na namba moja inaweza kuvaliwa na watu wawili. Mimi nilianza kwa kuandika majina yote kwenye daftari kwa mkono, na hadi leo sijui njia bora ya kuwazoea.

Orodha rasmi ya timu huwa na majina mawili kwa kila nafasi. Isome, ila usiimeze nzima, maana kocha anajua wapinzani nao wanaisoma. Tafuta neno "au" kati ya majina mawili. Hapo ama kocha hajaamua, ama ameamua na hataki kusema. Wapo wanaosema waziwazi: mwaka 2022 Jim Harbaugh, aliyekuwa kocha wa timu ya chuo cha Michigan, alitangaza mapema kwamba Cade McNamara ataanza mechi ya kwanza kama kwotabeki, yaani anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na J.J. McCarthy ya pili. Baada ya hizo mbili nafasi ikawa ya McCarthy. Usitegemee kila kocha awe mkarimu hivyo.

Kazi yenyewe iko mazoezini. Kwetu waandishi tuliruhusiwa dakika 20 za mwanzo tu, na nyingi huisha watu wakinyoosha viungo. Zitumie hivi: usiufuate mpira kwa macho, tazama foleni. Anayetangulia kwenye kila zoezi mara nyingi ndiye ambaye kocha anamwamini. Tazama na waliosimama pembeni, aliyevaa jezi ya rangi tofauti ili asigongwe, na anayefanya zoezi moja kisha anakaa.

Jumatatu moja ya Oktoba niliandika kwamba yule wa pembeni kushoto kwenye mstari wa mbele wa watu watano, anayemlinda kwotabeki mgongoni, huenda asicheze, na nafasi yake itachukuliwa na kijana wa mwaka wa kwanza. Orodha ndivyo ilivyosema. Kesho yake nikaenda mazoezini. Yule mkubwa wa pembeni kushoto amesimama na mfuko wa barafu umefungwa gotini, kofia mkononi. Watano wakajipanga, na yule kijana hayumo. Wa pembeni kulia alikuwa amehamia kushoto, na kulia ameingia mtu ambaye kwenye karatasi alikuwa mbadala wa nafasi nyingine kabisa. Nilikiona kwa macho yangu na sikukirekebisha, kwa sababu nilidhani wanajaribu tu. Jumamosi kijana hakukanyaga uwanja. Watu walinipigia kuuliza kwa nini niliwadanganya, na walikuwa na haki.

Makocha wa mstari wa mbele hutafuta watano bora, si mrithi wa kila kiti. Kwenye karatasi utaona kumi, lakini wanaoaminiwa kweli huwa saba au wanane. Kwa hiyo kwa kila nafasi jiulize: huyu akitoka, nani anahama? Walinzi wa nyuma nao wana yao, kwani timu nyingi siku hizi huanza na mabeki watano ilhali orodha inaweza kuonyesha wanne. Huyo wa tano mhesabu kama wa kuanza, si akiba.

Kuanzia Novemba hesabu mechi za vijana wa mwaka wa kwanza. Tangu 2018 mchezaji anaweza kuonekana katika mechi nne bila kupoteza mwaka mmoja wa haki yake ya kucheza, hivyo mwenye nne anaweza kukalishwa hata kama ni namba mbili. Taarifa za majeruhi zimekuwa rahisi kidogo: ligi ya vyuo ya Big Ten ilianza kuzitoa 2023, na ligi nyingine ya vyuo, SEC, ikafuata 2024. Zisubiri kabla hujatuma habari yako.

Na tafadhali, jina la tatu liandike. Timu ya chuo cha Ohio State ya 2014 ilimpoteza kwotabeki wake Braxton Miller kwa jeraha Agosti, kabla ya msimu kuanza. J.T. Barrett akashika nafasi hadi alipovunjika kifundo dhidi ya Michigan mwishoni mwa Novemba. Akabaki Cardale Jones. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya Big Ten, wakaifunga Wisconsin 59-0, kisha Alabama 42-35, kisha Oregon 42-20 na ubingwa wa taifa. Daftari langu lina safu tatu kwa kila nafasi, na ya tatu naijaza kwa penseli kila Jumanne nikitoka mazoezini.