Banksy: msome pamoja na ukuta wake

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mkupuo: huyu Banksy, mchoraji wa kuta wa Uingereza anayeficha uso wake, ni mtetezi wa wanyonge au ni mfanyabiashara mjanja, na kijana wa Mbagala mwenye kopo la rangi ana la kujifunza kwake? Mimi nilikuwa fundi maandishi Ilala kwa miaka mingi, vibao vya maduka, milango ya malori, mabango ya kampeni. Sasa napaka rangi majumba hapa Bristol, mji alikoanzia huyo bwana. Kwa hiyo nitajibu kifundi, siasa zitakuja zenyewe.

Nisikufiche, ukiangalia michoro yake kwenye simu tu, ujumbe mwingi ni mwepesi. Vita ni mbaya, askari wanazidisha, matajiri wanatunyonya. Nani hajui? Nyuma ya bajaji utasoma makali zaidi ya hayo. Anachotuzidi wengi wetu ni kuchagua ukuta. Mchoro wake ni nusu ya kazi, nusu nyingine ilishakuwepo pale kabla hajafika.

Chukua Vale Street, mtaa wa hapa Bristol ambao mteremko wake ni mkali mpaka ukishuka na mzigo unajishikilia. Desemba 2020, corona imepamba moto, ukutani akatokea bibi mwenye kitambaa kichwani anapiga chafya. Meno ya bandia yanaruka, mkoba na fimbo vimemtoka mikononi. Nilikwenda kumwona wiki hizo hizo. Ukisimama kawaida, ni bibi anapiga chafya, basi. Lakini picha aliyoitoa mwenyewe ilipigwa kamera ikiwa imelazwa kufuata mteremko, barabara ikaonekana tambarare na nyumba za jirani zimepinda, kama zinasukumwa na ile chafya. Mtaa mzima kaufanya sehemu ya mchoro, na yeye kachora bibi mmoja tu. Mchoro huo huo ukiupeleka Ilala kwenye tambarare, umekufa. Halafu kuna yule binti wa bandarini wa mwaka 2014, aliyeigiza mchoro maarufu wa Vermeer, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, wa msichana mwenye hereni ya lulu. Hereni yenyewe ni kisanduku cha kengele ya wezi kilichokuwa kimefungwa ukutani tangu zamani. Corona ilipoingia, mtu asiyejulikana akaenda kumvisha barakoa.

Sasa njoo kwenye ujumbe wenyewe, maana sisi watu weusi ulituhusu moja kwa moja. Oktoba 2014, Clacton-on-Sea, mji wa pwani mashariki mwa Uingereza, zimebaki siku chache kabla ya uchaguzi mdogo ambao wahamiaji ndio walikuwa gumzo. Alichora njiwa watano wa kijivu wamekaa kwenye waya na mabango yao: wahamiaji hawatakiwi, rudini Afrika, msiguse minyoo yetu. Pembeni kidogo kwenye waya huo huo kuna ndege mmoja mdogo wa kijani mwenye umbo la mbayuwayu, kanyamaza. Mbayuwayu wa Uingereza huenda Afrika kila baridi ikianza, na kila mwaka hurudi huku kuzaa. Kumwambia arudi Afrika ni kumtuma safari ambayo tayari anaijua njia kwenda na kurudi. Halmashauri ikapokea malalamiko kwamba mchoro ni wa kibaguzi, wakaufuta haraka bila kujua ni wa nani. Walipojulishwa wakasema wangefurahi akirudi kuwachorea kingine. Mimi hapo nilicheka mpaka basi. Wale njiwa walikuwa wanasemwa wao, na mtu akaja kuwafuta kwa kuwaonea huruma wahamiaji!

Wengine watakwambia hilo ni kosa la mchoraji, kwamba ujumbe ukihitaji maelezo umeshindwa. Sikubaliani nao. Ukutani huwezi kumshika mpita njia mkono ukamweleza, na kejeli siku zote ina watu wake wa kuielewa kinyume.

Kuhusu kuhamisha ukuta, kuna kisa cha Wood Green, kaskazini mwa London. Mei 2012 nchi ilikuwa inajiandaa kusherehekea miaka 60 ya Malkia kwenye kiti, bendera kila kona. Akachora mtoto kapiga magoti kwenye cherehani anashona mlolongo wa vibendera. Ukuta wenyewe ni wa duka la vitu vya bei chee. Huhitaji shahada kuunganisha: hivi vitu vya bei ya pauni moja vinashonwa na nani? Februari 2013 kipande hicho cha ukuta kikakatwa, kikaibukia kwenye mnada Miami. Wakazi wakapiga kelele, kikaondolewa mnadani, lakini Juni kikauzwa London kwa mtu binafsi. Aliyenunua kapata mtoto na cherehani. Duka limebaki Wood Green.

Hela sasa. Ya mwaka 2018 pale Sotheby's, nyumba ya mnada ya London, unaijua: nyundo imegongwa, mchoro wa msichana na puto umefika pauni milioni 1.04 pamoja na ada, mara ukaanza kujikatakata wenyewe kutoka ndani ya fremu, ukakwama nusu njia. Watu wakasema kawakomesha matajiri. Aliyekomeshwa ni nani, mkuu? Mwaka 2021 mabaki yale yale yaliuzwa pauni milioni 18.58. Kama ilikuwa ngumi, basi aliyepigwa alitajirika. Mimi naipenda zaidi ya New York, Oktoba 2013. Alimweka mzee mmoja na meza pembeni ya Central Park, michoro halisi yenye saini, dola 60 kila mmoja, bila kutangaza kwamba ni yake. Siku nzima zikaingia dola 420. Kuna mama alinunua miwili, na kabla ya kulipa akaomba apunguziwe, akapunguziwa nusu bei! Huyo angeweza kuishi Kariakoo bila shida yoyote. Pale ndipo alipoonyesha vizuri kwamba watu wananunua jina.

Ili nimtendee haki: mchoro aliouacha hospitali ya Southampton mwaka 2020, wa mtoto anayemchezea mwanasesere wa nesi huku wale mashujaa wa sinema kawatupa kwenye kikapu, uliuzwa mwaka uliofuata kwa zaidi ya pauni milioni 16 na fedha zikaenda kwenye huduma ya afya ya umma. Na mwaka huo huo wa 2020 aligharamia boti ya Louise Michel ya kuokoa wanaozama Mediterania. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: ni vyote viwili, na hajifichi sana kwa hilo.

Anajificha uso, na faida yake ipo wazi: kuchora ukuta wa mtu bila ruhusa ni kosa. Lakini kuna gharama. Mwaka 2020 ofisi ya alama za biashara ya Umoja wa Ulaya ilimfutia alama ya yule kijana anayerusha shada la maua, na kutojulikana kwake kulikuwa sehemu ya tatizo, maana mali ya mtu asiye na jina inadaiwaje? Linganisha na Nairobi mwaka 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walipochora wanasiasa kwa sura ya tai wala mizoga katikati ya jiji. Walichora usiku, ila yeye alijitokeza kwa jina lake. Ule ni ujasiri wa aina nyingine na mimi nauheshimu zaidi.

Kuhusu kijana wa Mbagala. Ajifunze stensili, yaani kukata matundu ya umbo kwenye karatasi ngumu, kuibandika ukutani na kupuliza rangi juu yake. Banksy mwenyewe amesimulia kwamba aliihamia alipokuwa kajificha polisi chini ya lori, akaona maandishi ya stensili na kujua hiyo ndiyo njia ya kupunguza muda wa kuchora. Michoro ya mwanzo, kama yule dubu wa Stokes Croft, hapa Bristol, wa 1999 anayewarushia askari chupa ya moto, aliichora kwa mkono tu. Aombe ruhusa ya mwenye ukuta, na achague ukuta wenye ugomvi wake tayari: palipoandikwa usikojoe hapa na watu wanakojoa, au nyumba yenye X nyekundu. Mimi stensili zangu nilikuwa nazikata kwenye filamu za zamani za X-ray, unazilowanisha kwenye Jiki mpaka picha ifutike. Herufi O, A na R aziachie madaraja, yaani vipande vyembamba vya kushikilia katikati, la sivyo kipande cha katikati kinadondoka. Apulize kwa mbali, nyepesi mara mbili. Akisogeza kopo karibu rangi itavuja chini ya stensili. Na ukuta wa chokaa aupige brashi kwanza, vinginevyo mvua ya kwanza tu imeondoka nayo.