Kabla hujahamia mji mdogo wa mahindi kule Iowa, soma kwanza namba za watu wake

Kila kukicha nakuta meseji ya mtu, mara yuko Texas, mara yuko Arizona, mara ndo kwanza kaletwa Marekani na familia yake kutoka kambi ya Nyarugusu, na swali ni lilelile: kaka, kuna mji Iowa nasikia nyumba bei poa na kazi unapata wiki hiyohiyo ukifika, niende nisiende? Mi huwa simjibu mtu nenda wala usiende. Namwambia ingia kwenye sensa, tafuta huo mji ulikuwa na watu wangapi 1980, 1990, 2000, 2010 na 2020, alafu tafuta na kaunti yake, ukimaliza nipigie tuongee. Wengi wanadhani nawazungusha. Siwazungushi bana, hizo namba ukijua kuzisoma zinakwambia mambo ambayo mtu wa kuajiri hawezi kukwambia hata umbembeleze.

Nitatumia Storm Lake kama mfano kwasababu nimeishi pale kabla sijahamia Des Moines, na ni mji ambao historia yake inafundisha kuliko miji mingi ya huku. Uko kaskazini magharibi mwa Iowa, makao makuu ya kaunti ya Buena Vista, umekaa pembeni ya ziwa lililoachwa na barafu ya zama za kale, na ukitoka mjini dakika tano tu ni mahindi na soya, soya na mahindi, mpaka macho yanachoka. Kutoka Des Moines ni kama kilomita 240 hivi.

Sasa angalia. Sensa ya 1980 iliwakuta watu 8,814. Ya 1990 ikawakuta 8,769. Mtu akiona hivyo anasema ah, mji umelala huu, miaka kumi nzima wamepungua watu 45 tu. Kumbe hiyo ndo miaka mji uliyovurugika kuliko yote! Waliokuwepo mwanzoni na waliokuwepo mwishoni sio watu walewale, namba tu ndo imebaki ileile.

Ilikuwaje? Miaka ya 70 wakulima wa Iowa walikuwa wanapata hela, benki zinawasukumia mikopo, nunua shamba la jirani, nunua trekta kubwa zaidi, na wao wakanunua kweli. Januari 1980 Rais Carter akazuia nafaka kuuzwa Urusi ya kisovieti, riba za mikopo nazo zikapaa mpaka kugusa asilimia 20 na zaidi, bei ya ardhi ikaporomoka. Wastani wa ekari moja Iowa mwaka 1981 ilikuwa dola 2,147, ilipofika 1986 ni dola 787. Yaani umekopa kwa ardhi ya elfu mbili na mia, benki inakuja kukudai, ardhi yenyewe haifiki hata mia nane. Familia zilizolima pale vizazi vitatu vinne zikapigwa mnada, vijana wakaondoka na wengi hawakurudi.

Wakati huohuo pale Storm Lake kiwanda cha kuchinja nguruwe cha Hygrade, kilichokuwa na chama cha wafanyakazi na mshahara wa kumlea mtu na familia yake, kikafungwa 1981. Mwaka uliofuata kampuni ya IBP ikakifungua tena, mishahara chini, chama hamna. Wazungu wengi waliokuwa wanafanya kazi pale hawakurudi kwa malipo hayo. Nani akaziba pengo? Walao na Watai Dam, watu waliokimbia vita ya kule Indochina. Gavana wa Iowa wa wakati huo, Robert Ray, wa chama cha Republican (ndiyo, Republican), alikubali mwaka 1975 kuwapokea Watai Dam kama jamii nzima ili wasitawanywe, na miaka iliyofuata watu wa Laos wakaanza kufuata kazi za nyama mpaka Storm Lake. Baada yao Wameksiko, wengi kutoka jimbo la Jalisco, alafu watu wa Amerika ya Kati, alafu Wasudan na wengineo. Kiwanda sasa hivi ni cha Tyson, waliinunua IBP mwaka 2001.

Na hapa kuna kitu huwa kinanichekesha. Kaunti inaitwa Buena Vista kwasababu ya vita, Wamarekani walipigana na Wameksiko mwaka 1847 sehemu inayoitwa hivyo, wakajiona washindi wakaja kuipa kaunti jina. Leo ukienda dukani pale kumejaa tortila na pilipili za kila aina na wenye duka wametoka Meksiko.

Turudi kwenye namba. Mwaka 2000 mji ulikuwa na watu 10,076, mwaka 2010 watu 10,600, mwaka 2020 watu 11,269. Unakua. Sasa weka na kaunti pembeni, hapa ndo watu wengi hawafiki. Kaunti nzima ya Buena Vista 1980 ilikuwa na watu 20,774. Mwaka 2020 ikawa na 20,823. Miaka arobaini, wameongezeka watu 49! Mji umeongezeka watu zaidi ya 2,400 lakini kaunti imesimama palepale, maana yake nini? Toa mji kwenye kaunti utaona mwenyewe, nje ya Storm Lake walikuwa 11,960 wakabaki 9,554. Vijiji na mashamba yamemwaga watu kiasi kilekile ambacho kiwanda kimevuta.

Ukitaka kujua mashamba yalikuwaje mpaka yakawa hivyo, anza zamani kidogo. Ardhi ile ilikuwa ya Wadakota, wakaitia saini kuiachia kwenye mikataba ya 1851 (kwa masharti ambayo ukiyasoma unasikitika), serikali ikaipima yote kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, ekari 640 kila mraba. Ndo maana barabara za kule zimenyooka hivyo, hamna kona. Sheria ya 1862 ikasema mtu akikaa na kulima anapewa ekari 160, yaani robo ya mraba, na makampuni ya reli nayo yakapewa ardhi yao yakauza. Reli ilifika Storm Lake 1870, mji ukaanza hapohapo, mwaka 1878 wakachukua makao makuu ya kaunti kutoka Sioux Rapids, mwaka 1891 Wapresbiteri wakafungua chuo ambacho sasa ni Buena Vista University. Kwa hesabu ya ekari 160, kila maili moja ya mraba inakaa familia nne. Siku hizi mtu mmoja na mwanae na mashine inayojiendesha kwa satelaiti wanalima maelfu ya ekari. Hiyo miji ya sokoni iliyojengwa kila baada ya maili kadhaa kuhudumia zile familia nne nne haina wa kumhudumia tena.

Kwahiyo ukisikia mji wa kilimo Iowa ujue kilimo chenyewe hakiajiri watu wengi. Kinachoajiri ni kuchinja. Iowa ina watu milioni 3.19 kwa sensa ya 2020 na nguruwe zaidi ya milioni 20, na hao nguruwe lazima kuna mikono inawakata. Ni hiyo mikono yenu wanayoitafuta.

Ukitaka kuona mji usio na kiwanda unakuwaje, panda gari uelekee mashariki uingie kaunti ya jirani, Pocahontas. Mwaka 1980 walikuwa 11,369, mwaka 2020 wakabaki 7,078. Nyumba pale ni rahisi kweli, watakuonyesha picha utatamani, vyumba vinne na uwanja wa kucheza mpira. Ila jiulize kwanini ni rahisi. Shule zinaungana kwasababu watoto hawatoshi, hospitali za vijijini nyingi Iowa zimeacha kuzalisha wajawazito, duka la chakula likifungwa ndo limefungwa. Na sio Pocahontas peke yake, kati ya kaunti 99 za Iowa kaunti 68 zilipoteza watu kati ya 2010 na 2020. Kwa mtu mwenye watoto wadogo na mke ana mimba mi simshauri mji wa namna hiyo, hata nyumba iwe ya bure.

Mji unaokua nao una shida zake, tusidanganyane. Ya kwanza nyumba. Watu wanaongezeka, nyumba hazijengwi kwa kasi hiyo, unakuta apatimenti ndogo familia mbili, na unayemkuta amekaa miaka mingi ndo anakwambia wapi kuna nafasi, kwenye mtandao huioni. Kwahiyo usihame na familia nzima kabla mmoja wenu hajatangulia.

Ya pili, mji wa kiwanda kimoja. Nenda kasome habari za Perry, mji wa watu chini kidogo ya 8,000, kaskazini magharibi mwa Des Moines. Kiwanda chao cha nguruwe kilifungwa Juni 2024 na watu kama 1,300 wakakosa kazi, hebu pima hiyo namba kwenye mji wa watu 8,000. Swali la kumuuliza mwenyeji sio mshahara ni dola ngapi kwa saa, hilo utaambiwa tu. Muulize hivi: kiwanda hiki kikifunga kesho, kazi nyingine iko wapi na ni mwendo wa gari dakika ngapi? Akicheka ujue jibu.

Ya tatu ni makaratasi. Storm Lake walivamiwa na watu wa uhamiaji mwaka 1996. Postville, mji mwingine wa Iowa, mwaka 2008 walikamatwa watu 389 kwa siku moja, na mji wenyewe ulikuwa na watu kama 2,200. Wewe kama umekuja kwa ukimbizi makaratasi yako yako sawa, lakini wenzako kwenye laini, jirani zako, watoto wanaosoma na wako, huenda sio sawa, na siku kitu kama hicho kikitokea mji mzima unaumia hata aliyeko halali. Tembea na nakala zako na usimkopeshe mtu jina lako kufanyia kazi, hata awe ndugu.

Ya nne, kwa Waislamu, na hii naulizwa sana na dada zangu wa Mombasa na Kigoma. Kazi ya nguruwe ni kushika kitimoto mchana kutwa, hamna namna ya kuikwepa. Ila Storm Lake kuna kiwanda kingine cha bata mzinga, na hata kule Minnesota Wasomali wengi ndo wameenda kwenye viwanda vya bata mzinga, kama mji wa Willmar. Uliza kabla hujasaini, usije ukafika ukaambiwa shifti iliyobaki ni ya nguruwe tu.

Alafu afya. Hii kazi inaharibu mikono na mabega, niliona watu wa miaka 35 hawawezi kufungua kopo la soda, na baridi ya ndani ya kiwanda ni mwaka mzima. Wakati wa korona 2020 pale Storm Lake wafanyakazi zaidi ya 500 walikutwa na virusi. Mi msimamo wangu ni huu, ingia ukiwa na mpango wa kutoka. Beba boksi, weka akiba, soma leseni ya lori au uuguzi msaidizi, mshahara wa kwanza usiukopee gari la kuringia.

Kitu kimoja nakipenda sana pale ni gazeti lao. Mji wa watu elfu kumi na moja, lakini mhariri Art Cullen wa Storm Lake Times alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2017 kwa tahariri zake. Aliandika kuhusu mbolea za mashambani zinazoingia mtoni, mamlaka ya maji ya Des Moines ilikuwa imeishtaki kaunti ya Buena Vista na mbili za jirani kwa ajili ya naitreti (kemikali ya kwenye mbolea), na yeye akawa anauliza nani analipa mawakili wa kaunti. Mjini kwao mwenyewe, ambako kila mtu anaishi kwa kilimo! Kabla hujahamia soma gazeti la mji huo kama mwezi hivi, utajua shule ina hali gani, nani anagombana na nani, wageni wanaandikwaje. Kama mji hauna gazeti kabisa, nayo ni habari.

Na hayo ya naitreti sio siasa tu. Ukipanga nyumba ya shambani inayotumia kisima, pima maji kabla hujampa mtoto mchanga maziwa ya kopo, kikomo ni miligramu 10 kwa lita na juu ya hapo mtoto anaweza kukosa oksijeni. Maji ya bomba ya mjini wanayapima wao.

Kuhusu watoto nitasema kitu kizuri sasa. Shule za Storm Lake zaidi ya nusu ya wanafunzi ni Walatino, na kuna watoto wa lugha nyingi mno, kwahiyo mwanao hatakuwa yule Mwafrika mmoja anayeshangaliwa darasa zima. Walimu wamezoea mtoto anayekuja hajui Kiingereza, wamekuwa na kazi hiyo tangu enzi za Walao. Ukienda mji ambao namba zake zinashuka tu, mwalimu huenda hajawahi kukutana na mtoto kama huyo.

Basi ukishasoma yote na bado unataka kwenda, nenda kwanza kutembea, na uende Februari. Usiende Juni, Juni ziwa linapendeza, watu wanavua samaki, mahindi yanachipua, utasaini siku hiyohiyo. Nenda Februari upepo unapopita kwenye mashamba yasiyo na mti hata mmoja, uone kama gari lako linawaka asubuhi saa kumi na moja kuwahi shifti.