Tarajali wangu, "bado" si jibu

Juzi kwenye raundi ya asubuhi nilifungua faili la mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Siku ya sita ya antibiotiki ya seftriaksoni, homa haishuki, na usaha ulipelekwa maabara kuoteshwa, ili kujua ni bakteria gani na dawa ipi itamuua, tangu siku ya pili. Nikauliza majibu yako wapi. Tarajali wangu, daktari aliyemaliza chuo na bado yuko kwenye mazoezi ya kazi, kijana mchapakazi ambaye sijawahi kumkuta amekaa, akajibu, "Bado, dokta." Nikampa simu yangu apige maabara. Yalikuwa yametoka siku mbili nyuma. Nilimfokea, halafu nikamnunulia chai na chapati, maana hiyo "bado" naijua. Kisha nikamwambia haya, na nawaambia tarajali wote.

1. Damu ya kuotesha huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Kwa mtu mzima ni mililita 8 hadi 10 kila chupa, si mbili za kuonyesha kwamba umechoma. Na chupa haiwekwi kwenye friji, jamani!

2. Safisha mikono, kitanda kwa kitanda. Klebsiela, bakteria wa hospitalini, haina miguu, sisi ndio tunaoibeba. Glovu si bangili ya kuvaa wodi nzima.

3. Fuata majibu kwa miguu yako.

Nilikuwa tarajali kwenye hospitali moja hapa Dar. Mama mmoja alijifungua kwa upasuaji, mtoto salama, kisha kidonda kikaanza kutoa usaha na homa ikafika 39. Nikamwandikia seftriaksoni na metronidazoli, kama tulivyokuwa tukimwandikia kila mtu. Jumatatu nikachukua damu na usaha, nikapeleka maabara mwenyewe, nikaona nimemaliza kazi.

Alhamisi mama yake, aliyekuwa akikaa pembeni ya kitanda na mjukuu mapajani, akaniuliza, "Mwanangu, majibu yametoka?" Nikamjibu, "Bado, mama." Sikuwa nimeuliza popote. Wodi ilikuwa imejaa, nilikuwa natoka zamu ya usiku, na nilidhani yakitoka yataletwa. Ijumaa akauliza tena. Nikamjibu vilevile, safari hii bila hata kusimama.

Jumamosi alfajiri presha ikashuka. Mgonjwa akawa anaweweseka, anauliza kama mtoto amenyonya. Nikakimbia maabara. Karatasi ilikuwa kwenye trei, imesainiwa Jumatano. Klebsiela. Seftriaksoni: sugu. Gentamisini: sugu. Amikasini: inatibu. Na amikasini ilikuwepo famasi, ngazi moja chini ya wodi yetu, siku zote hizo. Tulimchoma saa 12 asubuhi. Saa 5 akafariki.

Mama yake hakunilaumu. Alinishika mkono, akasema, "Ahsante mwanangu, umehangaika sana," akamfunga mtoto kwa kanga, akaondoka na ndugu zake. Sikumwambia kwamba ile karatasi ilikuwa imekaa siku tatu. Hadi leo natamani ningekuwa nimemwambia.

4. Usugu, yaani bakteria kuzizoea dawa, haukuanza jana. Hospitali ya Muhimbili, hapa Dar, walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa mwaka 2001 na 2002. Kati ya waliothibitika maabara kuwa na bakteria kwenye damu walifariki zaidi ya theluthi moja. Kati ya wenye malaria, kama mmoja katika watano. Kupewa dawa ambayo bakteria wake ameshaizoea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza vifo. Wengi wenu mlikuwa hamjaanza hata chekechea. Mnapoandika seftriaksoni kwa mkono unaokwenda wenyewe, kumbukeni kwamba Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, si la kuanzia kila homa.

5. Kila asubuhi uliza: kanula hii, mrija wa dawa kwenye mshipa, bado ina kazi? Mpira wa mkojo je? Anayekula ugali anaweza kumeza vidonge? Manesi wakikwambia kanula imevimba, wasikilize, wamekaa na mgonjwa kuliko wewe.

Yule kijana sasa anapita maabara saa 8 mchana kabla hajala. Jana alirudi na karatasi tatu, moja ya mgonjwa wa wodi ambayo si yetu, akaipeleka mwenyewe. Mgonjwa wetu wa upasuaji wa tumbo tulishambadilishia dawa. Leo asubuhi homa ilikuwa 37.4, na ameomba uji.