Mapovu kwenye poliuretani: tafuta maji kwanza

Mafundi wengi hapa Mtwara tunaofunika bodi za chaja za sola na vidhibiti vya pampu kwa poliuretani (plastiki ya kumimina ya makopo mawili, resini na hadena, inayoganda yakichanganywa), tukiona mapovu tunalaumu mkono: umekoroga kwa pupa. Mara nyingi si mkono. Hewa ya kukoroga hupanda juu mapema, resini ikiwa bado nyepesi. Mapovu yanayokuja baadaye, madogomadogo na mengi, mchanganyiko ukiwa umeanza kuwa mzito hadi kazi ikaumuka kama andazi, hayo ni ya unyevu.

Hadena yake ina isosiyaneti, ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gramu moja ya maji inaweza kutoa zaidi ya lita moja ya gesi. Ndiyo maana kijiti cha mbao nimekipiga marufuku mezani kwangu, na kikombe cha karatasi pia. Koroga kwa chuma au plastiki kavu.

Ukitaka kujua maji yanatoka wapi, mchanganyiko uleule mwaga kidogo kwenye kikombe kikavu cha plastiki, unaobaki mwaga kwenye kasha lenye bodi. Kikombe kikitoka safi na kasha likajaa mapovu, bodi ndiyo iliyokuwa na unyevu. Vyote viwili vikiumuka, shida iko kwenye makopo.

Bodi naipasha moto nyuzi 60 hadi 70 kwa saa mbili au tatu, zaidi kama ina koili au waya zenye kitambaa, kisha namwaga ikiwa bado na uvuguvugu. Ukiiacha mezani hadi kesho, kwa hewa hii ya bahari, umekausha bure. Uvuguvugu huo huharakisha kuganda, kwa hiyo changanya kiasi kidogo kwa kila mara.

Makopo yanahitaji uangalifu zaidi. Hadena iliyopata maji huota utando au chembe nyeupe, angalau inakuambia. Resini hainyooshi kidole: inanyonya unyevu na kuonekana vilevile. Nunua makopo madogo, funga mara tu unapomaliza kumimina, na uyaweke kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na silika jeli, chembe za kunyonya unyevu, ya aina inayobadili rangi ikishiba. Zile pakiti za kwenye boksi la viatu zimeshashiba zamani. Kopo likitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, lisubiri lipate joto la nje kabla ya kulifungua, la sivyo umande utaingia ndani.

Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, mimi humwaga mchana jua likiwaka. Asubuhi na mapema kuna ubaridi mzuri wa kufanyia kazi, lakini ndipo hewa inapokaribia zaidi kushiba unyevu.

Hadena iliyoingia maji usiikaze kifuniko. Gesi hujaa na kopo linaweza kupasuka. Iweke nje penye hewa, mbali na watoto, na uvae glavu. Mvuke wake unaweza kuleta pumu.