Maswali yenu kuhusu likizo Aisilandi

Nilipoandika hapa kwamba Aisilandi ni mahali pazuri pa kwenda likizo, wengi mlishangaa na wengine mlikasirika kabisa. Nimechagua maswali machache. Yale yanayorudiwa kila mara nitayapitia haraka.

Zanzibar tunayo, Diani tunayo. Mtu atoe hela zake akagandie kisiwani kule kwa sababu gani? (Msomaji, Arusha)

Kama unataka kulala mchangani, baki Zanzibar. Aisilandi unakwenda kuitazama ardhi ikifanya kazi. Pale Þingvellir unatembea ndani ya ufa, mahali ambapo mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia, yanaachana kwa kama sentimita 2 kila mwaka. Chini ya kuta hizohizo za mwamba mweusi ndipo wenyeji walipoanza kukutana kwa bunge lao mwaka 930. Ukiendesha gari kwa muda usiofika saa nzima kutoka hapo, utaikuta Strokkur, chemchemi inayorusha maji ya moto angani kila baada ya dakika 5 hadi 10. Iangalie kabla haijaruka. Maji yanavimba polepole, yanakuwa kuba la buluu linalong'aa, kisha kuba linapasuka. Wengi wanaikosa sekunde hiyo kwa kuhangaika na simu.

Na msidhani kisiwa hicho hakituhusu. Wataalamu wengi wa Olkaria, pale Kenya inapozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, walisomea kazi yao Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi, kwenye mafunzo yaliyoanza mwaka 1979. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ilipolipuka na ndege za Ulaya zikazuiwa kuruka kwa sababu ya majivu yake, maua ya Naivasha yanayouzwa Ulaya yalikosa usafiri yakatupwa, na vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Mtu aliyekulia Bonde la Ufa akifika kule ataelewa mengi kuhusu ardhi ya kwao.

Mwezi gani nitaiona ile mianga ya kijani angani? Nina likizo Juni. (Wasomaji wengi mno)

Juni hamtaiona. Usiku wa Juni kule hauna giza, na mianga hiyo inahitaji giza. Msimu wake ni Septemba hadi katikati ya Aprili, na hata hapo mawingu yakifunga huoni kitu. Nimeshalijibu swali hili, na bado watu wanakata tiketi kwanza ndipo wanauliza. Anayekuuzia safari kwa ahadi kwamba "lazima utaiona" anakudanganya, usimpe hela yako. Panga safari ambayo utaifurahia hata mianga isipotokea.

Je, baridi yake inavumilika kwa mtu wa Tanga?

Inavumilika. Wastani wa Januari pale Reykjavík unakaribia nyuzi sifuri tu, kwa sababu mkondo wa bahari yenye joto unapita karibu. Julai ni kama nyuzi 11 au 12. Ndani ya nyumba hutaisikia baridi, kwani nyumba 9 kati ya 10 hupashwa joto kwa maji ya moto kutoka ardhini.

Adui ni upepo. Mwavuli uache nyumbani. Vaa sufu mwilini, sweta juu yake, na nje kabisa jaketi lisilopitisha maji wala upepo. Suruali ya jinzi ikilowa utatetemeka hadi usiku. Ukishuka kwenye gari, shika mlango kwa mikono miwili, maana upepo huung'oa, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi hasara hiyo. Soma mkataba kabla ya kusaini.

Viza yake inapatikanaje?

Ni ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya. Aisilandi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen tangu 2001. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana dakika za mwisho. Na muwaepuke madalali wanaowatengenezea karatasi za hoteli za uongo. Zikigundulika, atakayeumia ni wewe mwenye pasipoti.

Nimesikia kwenye mabwawa yao lazima uoge uchi mbele ya watu. Mimi ni mwanamke Mwislamu, nitafanyaje? (Dada, Muscat)

Dada, umeuliza jambo la maana. Ni kweli kwamba kabla ya kuingia bwawani unaoga kwa sabuni bila nguo, na kanuni hiyo haina mjadala, kwa sababu maji hayatiwi klorini nyingi. Lakini wanawake wana upande wao na wanaume wao, na mabwawa kadhaa yana vyumba vya kuogea vyenye mlango au pazia. Uliza mapokezi kabla hujalipa.

Usikose, nakusihi. Bwawa la mtaani ndilo baraza la Waaisilandi. Wazee wanakaa kwenye maji ya moto hadi shingoni, theluji inawaangukia vichwani, nao wanajadili siasa na bei ya samaki. Kiingilio chake ni sehemu ndogo tu ya kile cha Blue Lagoon, lile bwawa maarufu la watalii. Maji ya Blue Lagoon yenyewe yanatoka kwenye mtambo wa umeme wa Svartsengi, na madini yake hukausha nywele vibaya. Pako pia jirani na Grindavík, mji uliohamishwa watu Novemba 2023, na milipuko ya volkano iliyofuata imepafunga mara kadhaa. Ukipachagua, soma taarifa za siku hiyohiyo.

Nibebe maji ya chupa?

Hapana. Kunywa ya bomba. Ya moto yakinuka kama yai, ni salfa ya ardhini.

Kuna mbu?

Hawakuwapo kabisa hadi Oktoba 2025, walipokamatwa watatu. Malaria haipo.

Tunataka kukodi gari Januari, tukizunguke kisiwa chote kwa siku nne. (Vijana, Nairobi)

Msifanye hivyo. Barabara namba 1, inayozunguka kisiwa, ina zaidi ya kilomita 1,300. Januari mchana ni wa saa chache, lami ina barafu, na njia hufungwa bila kuwangoja. Nendeni kiangazi, mchukue siku 10. Zile barabara za milimani zenye herufi F zinataka gari la magurudumu manne kisheria. Kuiacha barabara kwa gari na kukanyaga uoto mfupi unaofunika mawe ni kosa lenye faini kubwa, kwani uoto ule huchukua miaka mingi kupona.

Ufukwe wa Reynisfjara umeua watalii. Bahari inatulia, halafu wimbi moja linapanda mbali kuliko yote yaliyotangulia na kumvuta mtu. Kaeni mbali na maji, msiyape mgongo. Na mapango ya barafu msiyaingie ovyo kiangazi. Agosti 2024 barafu ya Breiðamerkurjökull iliporomoka ikamuua mgeni aliyekuwa na mwongozaji. Namba ya dharura ni 112.

Naweza kumpeleka mama yangu, ana miaka 70?

Mpeleke, na umpeleke Julai au Agosti. Þingvellir pana njia nzuri za kutembea, Strokkur haiko mbali na maegesho, na maji ya moto yatamfaa magoti. Pale kwenye chemchemi asivuke kamba, maji yanafika nyuzi 80 hadi 100. Mnunulie viatu vyenye soli isiyoteleza, avizoee nyumbani kabla hamjaondoka.