Shemeji anataka cheti changu cha ufamasia

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mfamasia, nimeajiriwa hospitalini hapa Iringa. Shemeji yangu anafungua famasi Makambako, ameniomba cheti changu akitundike ukutani. Dirishani atakaa binti aliyemaliza kidato cha nne, eti "mchangamfu sana", nami nitatumiwa kitu kidogo kila mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema nikikataa nitaonekana najivuna. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe.

Binti simlaumu, anatafuta riziki. Lakini hebu mwone pale dirishani saa mbili usiku. Anaingia baba na majibu ya kipimo: mtoto ana malaria, uzito kilo 14. Alu, dawa ya malaria, hapo ni kidonge kimoja kwa kila dozi. Angefika kilo 15, viwili. Na dozi ya pili hunywewa yakipita masaa 8 baada ya ile ya kwanza, haingoji kesho asubuhi. Baba hajatoka, anaingia dada mwenye mimba anataka doksisaikilini, dawa isiyomfaa mjamzito, "kama aliyopewa jirani". Uchangamfu utamjibu nini? Wewe wakati huo uko Iringa, simu imezimwa, umelala.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka famasi iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa, tena anayeisimamia kweli. Mkaguzi wa Baraza la Famasi akiingia atasoma jina lililo ukutani, na hilo ni lako. Shemeji akinunua dawa za magendo, au akianza kuchoma watu sindano chumba cha nyuma (yapo haya, tusidanganyane), yote yatakuwa yametendeka kwenye famasi yako. Mumeo mwulize nani atakwenda kujieleza mbele ya Baraza siku hiyo: wewe, au kitu kidogo?

Shemeji hajakosa njia. Aajiri mfamasia atakayekuwapo, binti apokee pesa na kupanga mizigo. Kama mtaji haumruhusu, amwone mfamasia wa halmashauri amwulize iwapo eneo lake linaruhusiwa duka la dawa muhimu. Maduka hayo yalianzia Ruvuma mwaka 2003, kwa sababu maduka ya dawa baridi yalikuwa yamejaa wauzaji wasiofundishwa. Mle mfamasia si lazima, ila mtoa dawa awe amepitia mafunzo yanayotambuliwa, na orodha ya dawa ni fupi.

Kama ulishampa hata nakala, idai wiki hii, kisha uliandikie Baraza kwamba famasi hiyo huisimamii.