Kuhusu parachichi, gwakamole na shinikizo la damu

Ndugu yangu wa Nyamagana, umeuliza kama mama yako mwenye shinikizo la damu aache parachichi kwa sababu ya mafuta yake, na kama gwakamole, yaani parachichi lililopondwa na kuchanganywa na viungo, ni chakula cha Wazungu. Asiache. Mafuta hayo, takriban gramu 15 katika kila gramu 100 za tunda, kwa sehemu kubwa ni ya aina ileile inayosifiwa katika mafuta ya zeituni, na yakichukua nafasi ya siagi au samli husaidia kupunguza lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu; aidha, tunda lenyewe lina potasiamu nyingi, madini yanayousaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi. Hata hivyo, kama figo zake zina tatizo, amwone daktari kwanza, kwa maana potasiamu hiyohiyo inaweza kumdhuru.

Gwakamole ilipondwa na Waazteki wa Meksiko kabla Wahispania hawajafika huko mwanzoni mwa karne ya 16, na jina lake limetokana na neno lao ahuacamolli, yaani mchuzi wa parachichi. Kwangu huku Kirumba huiandaa kwa ndimu, kitunguu, nyanya, pilipili na chumvi kidogo sana, nikaila na sato wa kuchoma, na kwa kweli mlo huo ungemfaa mama.